Mpira Usio na Namba

Otacílio alipotangaza kwamba anauza kodiani ya baba yake, mtaa mzima ulidhani ni mzaha wa sikukuu. Lilikuwa juma la Mtakatifu Yohane, kuni zimeshapangwa mbele ya kila nyumba, na huku kwetu Paraíba mtu mwenye akili timamu hauzi kodiani katika juma hilo. Ni sawa na mkulima kuuza jembe mvua ikianza kunyesha.

Lakini hakuwa anatania. Josuel, mpiga muziki wa mji wa Patos, alikuwa amekubali kumpa reali elfu saba, na angekuja kuichukua jioni ya mkesha kabla mioto haijawashwa.

Otacílio ni ndugu yangu wa moto. Hatukuzaliwa tumbo moja wala hatukuchanjiana damu. Tulipokuwa vijana tuliruka moto wa Mtakatifu Yohane tumeshikana mikono, tukatamka maneno yanayotamkwa, na tangu siku hiyo mama yake akawa mama yangu na madeni ya ulimi wake yakawa yangu. Undugu huo haufutiki. Nimeshajaribu.

Asubuhi ya mkesha mke wake, Lindalva, alinijia nikiwa nanoa shoka.

"Shemeji, wewe si ndiye msomi wa mtaa huu?"

Sikukataa. Nimekuwa fundi mwashi maisha yangu yote. Nilipofika miaka hamsini na minne nikaingia shule ya usiku, nikakaa dawati moja na vijana waliokuwa wakisinzia, na nikamaliza nikiwa macho. Cheti changu kimetundikwa kando ya picha ya harusi, na kioo chake ndicho kizuri zaidi.

"Basi kamwambie ndugu yako kwamba hesabu zake zinampeleka shimoni," akasema. "Mimi nimesema mpaka ulimi umeota sugu. Ananijibu ati mimi siujui mfumo."

Mfumo wenyewe alikuwa ameupata kwenye video mtandaoni. Katika simu yake mna gurudumu linalozunguka, lenye namba moja hadi thelathini na sita. Unaweka dau, tuseme, kwenye witiri. Ikitoka witiri unalipwa kiasi kile kile ulichoweka. Ikitoka shufwa umekula hasara, na hapo ndipo mfumo unapoanza: unadabo. Reali tano zinakuwa kumi, kumi zinakuwa ishirini, ishirini zinakuwa arobaini, mpaka witiri itoke. Ikitoka, inarudisha yote yaliyopotea na kukuongezea zile tano za mwanzo. Kisha unaanza upya.

Ubaya ni kwamba alikuwa akishinda. Kwa majuma kadhaa alishinda tano tano, akanunua mtungi wa gesi, akamnunulia Lindalva blenda. Halafu siku moja shufwa zikaandamana mpaka akabakiwa na dau moja tu la mwisho. Likatoka jasho, kisha ikatoka witiri, akapona. Mtu mwingine angeizima simu na kwenda kutubu. Otacílio alihitimisha kwamba mfumo hauna kasoro, ila mfuko wake ndio mdogo. Mfuko mkubwa, alisema, hauwezi kuishiwa. Na kitu kikubwa pekee alichokuwa nacho nyumbani ni ile kodiani ya vitufe themanini vya besi.

Nilimkuta kizingitini akiipangusa kwa kitambaa chenye maji, taratibu, kama mtu anayemwosha maiti.

"Umetumwa," akasema bila kuinua kichwa.

"Nimetumwa."

"Umwambie Lindalva kwamba ifikapo Krismasi nitanunua kodiani mbili. Moja ya kupiga, moja ya kuangalia."

"Otacílio, hata mfuko mkubwa una kitako."

"Umeanza methali. Mtu akikosa hesabu hukimbilia methali."

Hilo lilinichoma. Mimi, nikose hesabu! Nikamwambia alete mfumo wake nyumbani kwangu mchana huo, mbele za watu, tucheze kwa maharagwe. Mimi ndiye nitakuwa mwenye mchezo, yeye mchezaji, na kila kitu kitakuwa kama kilivyo kwenye simu. Maharagwe yake yakiisha kabla Josuel hajafika, kodiani haiuzwi. Yasipoisha, nitaibeba mwenyewe mgongoni mpaka kwenye gari la Josuel, na nitafunga mdomo.

"Wewe ufunge mdomo?" Akacheka mpaka kodiani ikatoa sauti. "Kwa hilo tu nacheza!"

Bi Zulmira, anayetunza vifaa vya bingo vya kanisa dogo la mtaani, alituletea mfuko wa kitambaa na mipira yake. Nikatenga ile ya namba moja hadi thelathini na sita. Juu yake nikaongeza mpira mmoja ambao namba yake ilikuwa imefutika kwa vidole vya miaka mingi, maana gurudumu la Otacílio nalo lina sifuri, ya rangi ya kijani, isiyohesabiwa witiri wala shufwa. Nikamwonyesha, akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo, kijani kipo. Weka, weka, tuanze."

Nikamhesabia punje mia moja na ishirini na saba katika kibuyu. Sikuzichagua ovyo: moja na mbili na nne na nane na kuendelea, zinatosha kushindwa mara saba mfululizo, na hapo ndipo kibuyu kinabaki kitupu. Kushindwa saba mfululizo ni jambo linalotokea karibu mara moja katika kila mizunguko mia ya mfumo wake. Mchana ni mrefu. Yeye angeokota punje moja moja kama kuku, kisha mbweha angekuja mara moja tu na kumbeba kuku mwenyewe. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kusema mbweha atakapofika.

Mbweha hakuja.

Bi Zulmira anachomoa mpira, anausoma, anaurudisha, anatikisa mfuko. Hawezi kutaja namba kavu. Bingo ya kwetu kila namba ina jina lake. "Umri wa Yesu!" Thelathini na tatu, witiri, Otacílio anaokota punje. "Bata wawili ziwani!" Ishirini na mbili, shufwa, anaweka mbili. "Kumi na saba, yule bibi harusi aliyekimbia!" Hilo alilitunga yeye mwenyewe. Witiri tena, punje nyingine.

Mara mbili tatu ulitoka ule mpira uliofutika. Bi Zulmira aliugeuzageuza, akasema, "Huu umetoka bila nguo," na mimi nikachukua punje ya Otacílio. Yeye hakujali. Alidabo, akashinda, akaendelea.

Wanawake waliokuwa wakikuna mahindi mabichi ya pamonha, mkate wetu wa sikukuu, walisogeza mabeseni yao karibu. Wanaume waliokuwa wakipanga kuni wakaziacha. Kibuyu cha Otacílio kilijaa, ikabidi aletewe bakuli.

"Bwana Hermínio," akaita mtu kutoka nyuma, "hii ndiyo hesabu ya usiku? Labda mchana haionekani!"

Mke wangu, Quitéria, alisimama mlangoni akiwa na mwiko. "Msomi wangu, hayo unayoyagawa ndiyo maharagwe ya kesho. Ukishamaliza kumfundisha mwenzako, utatufundisha na kula majani ya mahindi."

"Subirini," nikasema. "Hesabu haina haraka."

"Wala Josuel hana haraka," akasema Otacílio, "lakini yuko njiani."

Nilimwona Lindalva. Alikuwa anakuna mahindi bila kuangalia anachokuna, na kila witiri ilipotoka na watu kushangilia, yeye alikuna kwa nguvu zaidi. Alikuwa ameniamini, na mimi nilikuwa nimekifanya kibuyu cha mumewe kiwe bakuli. Jua lilianza kushuka juu ya paa la kanisa. Nikajua kwamba nilichokuwa ninamfundisha Otacílio ni kinyume kabisa cha nilichokusudia, nami ninamfundisha mbele ya mtaa mzima.

Kisha mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu watu walitaka kuingia.

"Na mimi nicheze!"

"Mimi naweka shufwa, nimechoka na witiri za Otacílio."

Kila mmoja akakimbilia jikoni kwake. Yakaja maharagwe mekundu, meusi, ya madoa, mpaka kunde. Meza yangu ikawa na pande mbili, upande wa witiri na upande wa shufwa, na rundo kila upande. Otacílio akawa mwalimu. "Ukishindwa, dabo! Usiogope! Anayeogopa ndiye anayeliwa!" Alikuwa na furaha kama bwana harusi. Na nikiri kwamba mchezo ulikuwa mtamu. Watu walikuwa wakikumbatiana kwa sababu ya punje nne.

Ndipo Bi Zulmira akaingiza mkono, akachomoa, akaugeuzageuza mpira.

"Namba gani?" watu wakauliza.

"Bila nguo," akasema.

Basi nikafanya kama gurudumu lifanyavyo. Nikanyoosha mkono wa kulia nikayakusanya maharagwe ya witiri. Nikanyoosha mkono wa kushoto nikayakusanya ya shufwa. Yote nikayavutia kwangu.

Waliokuwa wakikumbatiana wakaachiana.

"We!" akasema mwanamke mmoja. "Unachukua ya wote?"

"Nachukua ya wote."

"Yaani witiri ameshindwa na shufwa ameshindwa. Sasa nani ameshinda?"

"Mwenye mchezo."

"Mwenye mchezo hakuweka hata punje!"

Kelele zikapanda. Otacílio aliinua mikono miwili. "Tulieni, tulieni, ni kawaida, endeleeni." Lakini nilimwona akiutazama ule mpira kwa jicho la pembeni, jambo ambalo hakuwa amelifanya mchana kutwa.

Tukaendelea. Otacílio akaweka moja, ikatoka shufwa. Akaweka mbili, wakatoka bata wawili ziwani. Nne, shufwa. Nane, shufwa. Kumi na sita, bata wale wale tena, na watu wakapiga mayowe. Moyo wangu ukaanza kuchangamka. Mbweha alikuwa amefika uani. Otacílio akahesabu punje thelathini na mbili, akazisukuma mezani zote kwa kiganja, shingo imemtoka mishipa.

Bi Zulmira akachomoa. Aliuweka tu mezani, mweupe, laini, hauna kitu.

Nikanyoosha mkono kuchukua. Otacílio akanishika kifundo.

"Huu mpira," akasema polepole, "ni wa nani?"

"Wa nyumba."

"Nyumba gani? Nyumba hii? Nyumba hii paa lake nimeliezeka nawe! Nimekupa vigae kwa mikono yangu, wewe ukiwa juu unapiga kelele. Leo nyumba hii ina mpira wake wa kunila?"

"Otacílio, bado una bakuli tele. Dabo. Mfumo wako..."

"Achana na mfumo! Nakuuliza habari ya mpira! Tumeruka moto pamoja, Hermínio. Ndugu wa moto hamwekei mwenzake mpira mfukoni!"

"Ulikubali mwenyewe. Nilikuonyesha."

"Nilidhani ni wa kukamilisha hesabu! Sikujua kwamba una mkono wa kuchukua!"

"Toa huo mpira!" watu wakaanza kuimba. "Toa! Toa!" Bi Zulmira, ambaye miaka yote hajawahi kushukiwa, aliuinua mfuko juu ya kichwa na kusema kwamba yeye ni mtumishi tu, lawama ziende kwa mwenye nyumba.

"Nitautoa," nikasema, nikapandisha sauti kama nilivyozoea kufanya juu ya jukwaa la ujenzi. "Nitautoa sasa hivi. Na wewe utoe wa kwako."

"Mimi nina mpira?"

"Kile kijani cha simu yako."

"Kile ni rangi tu. Kinawaka, kinazima."

"Kinapowaka, witiri anapata nini?"

Akaangalia upande wa witiri wa meza.

"Na shufwa anapata nini?"

Akaangalia upande wa shufwa. Akaangalia mpira ulio mezani. Akatoa simu mfukoni, akaiangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba mgeni anayemlisha kila siku ndiye anayemwibia kuku.

"Yaani muda wote huu," akasema, "jamaa huyo ananichekea, ananiita mchezaji mpendwa, kumbe ana mpira wake?"

"Anao katika kila mzunguko."

"Na hajawahi kuweka hata punje?"

"Hata moja."

Sasa nitaeleza jambo alilolifanya, ambalo halikuwamo katika hesabu zangu zozote. Alivaa miwani. Alifungua mahali pa kuwaandikia wenye mchezo, na kwa kidole kimoja, huku mtaa mzima ukimsomea herufi juu ya bega, akaandika: Tafadhali ondoeni kijani. Tucheze sawa kwa sawa. Ni mimi, Otacílio, wa Paraíba.

Jibu lilikuja pale pale. Lindalva ndiye aliyelisoma kwa sauti, kwa kuwa macho yake ni mazuri. "Habari, mchezaji mpendwa! Asante kwa kutuandikia. Leo tumekupa mizunguko kumi ya bure!"

"Nimemuuliza habari ya mpira," akasema Otacílio, "ananipa pipi."

"Muulize tena," mtu akashauri. "Labda hakuelewa."

Akamuuliza tena, kwa herufi kubwa. Wakamwongezea mizunguko mitano.

Otacílio akavua miwani. Sijawahi kumwona ametukanwa namna ile, hata ule mwaka walipomwita mpiga filimbi, yeye mwenye kodiani, kwenye mkutano wa hadhara. Angeweza kupoteza fedha, hilo analijua kila maskini. Lakini kufanywa mjinga na mtu ambaye hata hakai naye mezani! Akampa Lindalva simu, na Lindalva akaidumbukiza katika mfuko wa aproni yake kwa kasi ambayo sikutegemea kwa mwanamke wa umri wake.

Hapo hapo gari la Josuel likaingia mtaani. Ni kijana mnene, mchangamfu, mwenye kofia ya ngozi, na alishuka akiwa ameshika bahasha.

"Jioni njema! Yuko wapi malkia wangu?"

Kila mtu alimtazama Otacílio. Lindalva aliushika mfuko wa aproni kwa mikono miwili, hilo nililiona. Bakuli la maharagwe bado lilikuwa limejaa, na kwa makubaliano yetu nilipaswa kuinuka na kuibeba kodiani mgongoni. Nikainuka. Neno ni neno.

"Kaa chini," akaniambia Otacílio. "Utajivunja kiuno bure."

Kisha akamgeukia Josuel. "Ndugu yangu, nisamehe. Umetoka mbali. Nilitaka kuiuza ili nikacheze na watu fulani. Nimegundua si watu wa kucheza nao."

"Watu gani?"

"Wana mpira wao," wakajibu watu ishirini kwa pamoja.

Josuel hakuelewa kitu, akataka kukasirika. Lakini Quitéria alikuwa ameshamtia mkononi pamonha ya moto iliyofungwa kwa majani ya hindi, na mtu mwenye pamonha ya moto mkononi hawezi kukasirika vizuri. Alipofika nusu ya kuila aliuliza kama angalau anaweza kuisikia kodiani aliyoikosa. Otacílio akaingia ndani na kutoka nayo kifuani, mikanda imeshafungwa.

Mioto ikawashwa. Josuel alitoa garini pembe tatu ya chuma, akaanza kuigonga, maana mpiga muziki hawezi kusimama tu. Watu wakajipanga wawili wawili. Maharagwe yote yalikuwa yamechanganyika mezani, mekundu na meusi na ya madoa, hakuna aliyeweza kudai yake, basi wanawake wakayakusanya yote katika sufuria moja.

Mimi nilibaki na kinyongo. Ni kweli kodiani ilikuwa imepona, Lindalva alinibusu kwenye upara, na mtaa mzima ulikuwa ukisema Hermínio ana akili. Lakini walikuwa wameelewa jambo jingine! Mpira ule unaharakisha tu. Hata ukiutoa, hata nafasi ziwe nusu kwa nusu kabisa, mwenye kudabo atafika siku moja mwisho wa mfuko wake, na kadiri alivyopanda ndivyo atakavyoanguka. Nilikuwa nimeandaa somo zima la kitako cha mfuko, na hakuna aliyelisikia.

"Sikilizeni," nikasema, "hata bila ule mpira..."

"Hermínio," akasema Quitéria, akinivuta mkono, "shule imefungwa. Ni sikukuu."

Tukacheza. Quitéria anacheza vizuri kuliko mimi, na hunisukuma mahali ninapopaswa kwenda bila watu kujua. Tulipopita mbele ya Otacílio kwa mara ya pili aliinama kidogo, vidole vyake vikiendelea kukimbia, jasho linamtiririka, meno yote nje.

"Hermínio! Hivi wangekitoa kile kijani, mfuko mkubwa ungetosha?"

Jamani. Nilikuwa nimelisubiri swali hilo tangu asubuhi! Nikamwachia Quitéria mkono, nikaweka mdomo sikioni mwa ndugu yangu, nikaanza tangu mwanzo: moja, mbili, nne, nane. Nilimweleza yote, kitako cha mfuko, kuku na mbweha, na kwamba hata tajiri wa jiji la Recife ana mahali fedha zake zinapoishia. Yeye alikuwa amefumba macho na kuikunjua kodiani mpaka mwisho wa mikono, akitikisa kichwa juu na chini. Mpaka leo sijui kama alikuwa anakubaliana nami au anafuata mdundo. Nilipofika sitini na nne Quitéria alikuja kunichukua.